Maswali ya Wasomaji: Kuvu ya Azalea na Rekodi Zake katika Hebaria

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandaa makala kuhusu magonjwa ya azalea, vile vichaka vya bustani vinavyopendwa kwa maua yake, na katika kutafuta habari nilifungua hifadhidata ya sampuli za kuvu ili niisome ile inayovimbisha majani yakawa nundu nene, laini, zenye rangi ya kijani kilichopauka au ya waridi. Nilitarajia jina moja. Nimekuta Exobasidium vaccinii, Exobasidium azaleae, Exobasidium discoideum na Exobasidium japonicum, na mmea wenyewe mahali pengine umeitwa Azalea nudiflora, pengine Rhododendron periclymenoides. Je, hizi ni kuvu nne au moja? Na niamini rekodi ipi?
Msomaji, mwandishi wa habari za bustani

JIBU: Kila rekodi uliyoisoma inasimama badala ya bahasha ya karatasi iliyomo katika kabati la hebaria fulani, yaani hifadhi ya sampuli zilizokaushwa za mimea na kuvu. Ndani ya bahasha mna majani makavu yenye nundu, na juu yake pana lebo inayoeleza ni kuvu gani, imeota juu ya mmea gani, wapi, lini, na ni nani aliyeikusanya. Majani hayo hayabadiliki. Jina lililoandikwa juu yake, kwa upande mwingine, ni maoni ya mtu fulani wa mwaka fulani, aliyefuata uainishaji uliokubalika katika siku zake. Ndiyo maana ninapofungua rekodi ya namna hii silitazami kwanza jina la kuvu, bali jina la mtu aliyeitambua na mwaka alioitambua, ambao mara nyingi uko mbali sana na mwaka wa kukusanywa.

Majina uliyoyakuta yana historia inayoeleweka. Jenasi Exobasidium, yaani kundi la spishi zilizo ndugu, ilianzishwa na Mrusi Woronin mwaka 1867, alipoichunguza kuvu inayovimbisha majani ya Vaccinium vitis-idaea, kichaka kifupi cha nchi za baridi kilichomo katika familia moja na azalea, yaani Ericaceae. Miaka sita baadaye, mwaka 1873, Charles Horton Peck, aliyekuwa mtaalamu wa mimea wa Jimbo la New York tangu 1867 hadi 1915, aliieleza kuvu ya azalea kuwa spishi inayojitegemea, akaiita Exobasidium azaleae. Mkusanyiko wake umehifadhiwa katika Makumbusho ya Jimbo hilo mjini Albany. Mwaka 1874 Job Bicknell Ellis wa New Jersey aliongeza Exobasidium discoideum, na mwaka 1896 Mitsutaro Shirai akaieleza Exobasidium japonicum kutokana na azalea za Japani.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1915 Edward Angus Burt, katika kupanga upya kuvu za Amerika Kaskazini, aliziingiza nyingi kati ya hizi chini ya jina moja la Exobasidium vaccinii. Hatua hiyo haikuwa ya kipuuzi hata kidogo. Nundu inayoota kwenye ukingo wa jani lililokomaa haifanani na ile iliyolimeza jani zima lingali changa, wala haifanani na ile iliyoligeuza ua kuwa donge, ingawa zote tatu zaweza kuletwa na kuvu ileile kwenye tawi lilelile. Mtu anayepewa umbo la nundu peke yake hana msingi imara wa kutenga spishi. Kwa miongo mingi baada ya hapo, yeyote aliyekuta nundu kwenye azalea huko Marekani aliandika E. vaccinii, na kwa kipimo cha wakati wake alikuwa sahihi.

Mwaka 1981 Nannfeldt wa Sweden, alipozipitia tena Exobasidium za Ulaya, alilibana jina E. vaccinii libaki kwa kuvu inayoishi kwenye Vaccinium vitis-idaea, na kuzirudishia nyingine majina yao. Uchunguzi wa vinasaba uliofuata umeunga mkono kwa jumla wazo hilo, kwamba spishi nyingi za jenasi hii zimefungamana na mmea mmoja au kundi dogo la mimea iliyo ndugu. Kwa hiyo unapokuta leo rekodi ya E. vaccinii juu ya azalea, usiichukue kama ushahidi kwamba kuvu ya Vaccinium imehamia kwenye azalea. Ichukue kuwa dalili kwamba bahasha hiyo huenda haijafunguliwa na mtambuzi tangu enzi za Burt na wafuasi wake, au kwamba imefunguliwa lakini karatasi ndogo ya utambuzi mpya, ambayo kwa desturi hubandikwa kando ya lebo ya awali bila kuifuta, haijaingizwa katika kompyuta.

Kuhusu mmea, mambo ni magumu zaidi kuliko yanavyoonekana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Linnaeus, Msweden aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi ya mimea, aliiweka Azalea kuwa jenasi kamili mwaka 1753, lakini baadaye ikaunganishwa na Rhododendron, hivyo Azalea nudiflora ya lebo za zamani ndiyo Rhododendron periclymenoides ya leo, na Azalea viscosa ndiyo Rhododendron viscosum. Hayo ni mabadiliko ya jina tu, na programu nyingi huyamudu. Lakini Linnaeus huyohuyo aliliingiza katika Azalea kichaka kinachotambaa milimani, Azalea procumbens, ambacho leo kinaitwa Kalmia procumbens na si azalea kwa maana yoyote ya sasa. Mtu anayetafuta neno "Azalea" katika safu ya mmea na kukusanya kila kinachojitokeza atakuwa amechanganya kuvu za mimea miwili tofauti kabisa. Nayo Azalea indica ya lebo za bustani za zamani, mara nyingi ni machotara yaliyotokana na Rhododendron simsii na si Rhododendron indicum, kinyume na jina linavyoashiria. Kwa kuwa katika Exobasidium mmea ni nusu ya utambuzi, kosa katika jina la mmea huzaa kosa katika jina la kuvu.

Kwa makala yako ningekushauri uandike hivi: kwamba nundu za azalea husababishwa na kuvu za jenasi Exobasidium, kwamba ile ya azalea za bustani zenye asili ya Japani kwa kawaida huitwa E. japonicum, na kwamba rekodi nyingi za zamani zimewekwa chini ya E. vaccinii kwa maana pana. Ukitaja sampuli fulani, taja pamoja nayo hebaria ilimo na namba yake, ili msomaji anayetilia shaka aweze kuifuata bahasha yenyewe.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nimepakua rekodi za Exobasidium juu ya azalea na kuziweka kwenye ramani. Nukta kadhaa zina mkusanyaji mmoja, tarehe moja na mahali pamoja, ila zimo katika hebaria tofauti. Pia kuna nukta zilizoangukia mahali pasipoelekea kuwa na azalea. Je, nifute zipi?

JIBU: Usifute chochote kabla ya kuelewa kwa nini kiko hivyo. Katika karne ya 19 wataalamu wa kuvu walikuwa na desturi ya kukusanya majani mengi kutoka mahali pamoja, kuyagawa katika bahasha zenye namba moja, na kuyasambaza kama seti zilizochapishiwa lebo kwa watu na taasisi zilizojiandikisha. Ellis, niliyemtaja hapo juu, alianza kutoa seti zake za kuvu za Amerika Kaskazini mwaka 1878. Matokeo yake ni kwamba tukio moja la kukusanya limezaa bahasha nyingi, kila hebaria imeipa yake msimbopau, na hifadhidata inazihesabu kuwa rekodi mbalimbali. Kwa ramani yako hilo ni tukio moja. Linganisha jina la mkusanyaji, namba yake mwenyewe ya shambani, tarehe na maneno ya mahali. Zikifanana zote, ziunganishe, lakini weka kumbukumbu ya kila bahasha, kwa sababu huenda moja yao ndiyo iliyotambuliwa upya na nyingine zote zimebaki na jina la kale.

Nukta za ajabu nazo zina chanzo. Lebo nyingi za zamani hazina latitudo wala longitudo. Husema jina la kijiji, la wilaya, au la jimbo tu. Mtu aliyeziingiza baadaye katika kompyuta aliweka vipimo vinavyokaribia, na pale ambapo lebo ilisema "New Jersey" bila zaidi, nukta iliwekwa katikati ya jimbo. Rekodi nzuri huwa na safu inayoonyesha ukubwa wa kosa kwa mita. Ikiwa safu hiyo ni tupu, soma maneno ya lebo kabla hujaiamini nukta. Angalia pia tarehe: 5/6/1891 iliyoandikwa na Mmarekani ni tarehe sita Mei, na ya Mwingereza ni tarehe tano Juni, tofauti ambayo kwa nundu zinazotokea msimu wa kuchipua majani inaweza kuharibu hesabu yako yote ya majira. Wakusanyaji waangalifu waliandika mwezi kwa namba za Kirumi ili kuepuka mkanganyo huo.

Jambo moja zaidi, ambalo katika kazi za wanafunzi nalikosa mara kwa mara: ramani hiyo inaonyesha wakusanyaji waliishi wapi sawasawa na inavyoonyesha kuvu iko wapi. Kusongamana kwa nukta kuzunguka mji wenye hebaria kongwe si habari ya ekolojia. Rekodi za picha zilizopigwa na watu wa kawaida, ambazo hifadhidata kubwa kama GBIF huzichanganya na sampuli lakini huzitenga kwa safu inayoeleza msingi wa rekodi, zina upendeleo wao pia. Ninapenda kuziona zikichorwa kwa rangi tofauti.

SWALI: Katika bustani ninayoitunza azalea zimetoa nundu mwaka huu, na ningependa kupeleka sampuli katika hebaria. Nifanye nini ili isikataliwe?

JIBU: Sampuli hukataliwa mara chache kwa sababu ya kuvu na mara nyingi kwa sababu ya lebo. Tuanze hata hivyo na nundu.

Wakati unaofaa ni pale uso wa nundu unapofunikwa na utando mweupe unaofanana na unga. Kabla ya hapo nundu ni nene na inang'aa kama iliyopakwa nta, lakini kuvu bado haijazaa. Baada ya hapo hunywea, huwa ya kahawia, ikakauka ikaning'inia tawini. Exobasidium haina mwili wa uyoga hata kidogo. Ukiutazama utando huo kwa hadubini utaona vijiti vinavyozaa spora, yaani chembe ndogo ambazo kuvu huenea kwazo, vimechomoza moja kwa moja kati ya seli za ngozi ya jani, vimesimama karibukaribu, na kwenye ncha ya kila kimoja spora zilizopinda kidogo. Idadi ya spora kwa kila kijiti, ukubwa wake, na vikuta vinavyojitokeza ndani yake zinapokaribia kuota ndivyo vinavyosaidia kutenga spishi, na vyote huonekana vizuri zaidi katika nundu mbichi kuliko katika kavu. Kwa hiyo ukiwa na hadubini, pima kabla hujakausha. Ukiwa huna, itundike nundu usiku mmoja juu ya kipande cha kioo, upande mweupe ukitazama chini, na asubuhi ukikunje kioo hicho ndani ya karatasi uweke pamoja na sampuli, maana spora zitakuwa zimekidondokea.

Chukua majani kadhaa ya hatua mbalimbali, na usisahau tawi lenye majani mazima na, ikiwezekana, ua. Hilo la pili ndilo watu wanaloliacha, ilhali bila ua mtambuzi atashindwa kusema ni azalea ipi, na nimekwisha kueleza kwamba mmea usiojulikana huifanya kuvu nayo isijulikane. Piga picha kabla ya kukausha, ukiweka rula kando. Andika palepale rangi ya nundu, upande wa jani uliobeba utando mweupe, na kama nundu imekula jani zima au sehemu tu, kwa sababu rangi ikishakauka haitarudi na majani yakishabonyezwa hayatakueleza yalivyokuwa yamesimama.

Majani membamba yabonyeze kati ya karatasi zinazofyonza maji, ukizibadilisha kila siku. Nundu nene zikate vipande vyembamba uzikaushe kwa hewa yenye joto la takriban nyuzi 40 za Selsiasi. Ukiziacha zikauke polepole zitaota ukungu mwingine, na mtambuzi atapokea kuvu mbili asijue ipi ni yako. Kipande kidogo kitie katika chembechembe za silika, ambazo hufyonza unyevu, ndani ya kifuko kinachofungika vizuri, kwa ajili ya uchunguzi wa vinasaba. Hebaria itakigandisha kila unacholeta, kwa kawaida katika nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa siku kadhaa, ili kuua mbawakawa wadogo wa kahawia kama Stegobium paniceum na Lasioderma serricorne, ambao wakiingia kabatini hutafuna sampuli za karne nzima wakabakiza vumbi.

Sasa lebo. Iwe na jina la mmea kwa kadiri unavyolijua, mahali pakielezwa kwa maneno yatakayoeleweka hata baada ya barabara kubadilishwa jina, latitudo na longitudo pamoja na makadirio ya kosa lake, mwinuko, tarehe yenye mwezi ulioandikwa kwa maneno, jina lako, na namba yako ya kukusanya, ambayo ni namba mfululizo utakayoitumia maishani mwako bila kuirudia. Iandikwe au ichapwe kwa wino usiofifia, juu ya karatasi isiyo na asidi. Jina la kuvu unaweza kuliacha wazi na kuandika Exobasidium tu. Hakuna atakayekudharau kwa hilo. Jina la spishi lililobuniwa kwa kukisia huingia katika hifadhidata na kukaa humo miaka mingi. Mwisho, kama bustani si yako, ambatisha ruhusa ya maandishi ya mwenyewe, kwani hebaria nyingi siku hizi hazipokei sampuli isiyo na ruhusa.

SWALI: Mimi nataka tu azalea zangu zipone. Je, lazima nijue ni spishi gani?

JIBU: Hapana. Chuma nundu kwa mkono kabla hazijawa nyeupe, uziondoe bustanini kabisa, punguza msongamano wa matawi ili hewa ipite, na usinyweshe kwa kumwagia majani maji. Mmea mara chache hudhoofika sana. Utaona kwamba mtunza bustani huichuma nundu kabla tu ya siku ambayo mkusanyaji angeitaka. Mkiwa wawili katika bustani moja, elewaneni mapema.

SWALI: Nimesoma kwamba ugonjwa wa kuoza kwa petali za azalea uligunduliwa Marekani mwaka 1931. Je, kutokuwapo kwa sampuli za kabla ya hapo kunathibitisha kwamba kuvu hiyo haikuwapo?

JIBU: Kuvu unayoizungumzia ni Ovulinia azaleae. Ugonjwa ulionekana karibu na Charleston, South Carolina, mwaka 1931, na Freeman Weiss akaipa kuvu hiyo jina lake la kisayansi mwaka 1940. Huanza kama madoa madogo yenye majimaji kwenye petali, meupe juu ya maua ya rangi na ya kahawia juu ya maua meupe, kisha katika siku chache tu ua zima hulegea na kuteleza kwa ute, likashikamana na jani badala ya kudondoka. Baadaye ndani ya petali zilizokauka hujengeka vipande vigumu vyeusi ambavyo huanguka ardhini, hukaa humo wakati wa baridi, na msimu wa maua unaofuata huchipuza vikombe vidogo vinavyorusha spora.

Ukosefu wa sampuli peke yake hauthibitishi. Fikiria ni nani angekusanya petali zilizooza. Mtaalamu wa mimea huchagua ua lililo zuri, mtaalamu wa kuvu wa zama zile aliyapenda majani na magome, na petali zenye ute hazibonyezeki vizuri. Sampuli za namna hii ni chache hata leo, wakati kila mtu anaujua ugonjwa. Ninachokiona kuwa na uzito zaidi ni ushahidi wa aina nyingine: azalea zilikuwa zimepandwa katika bustani maarufu za eneo hilo kwa miaka mingi, watunzaji wake walizijua vizuri, na ugonjwa unaoyaharibu maua yote katika muda wa siku chache si rahisi usisemwe. Hilo linaelekeza kwenye ujio mpya, ingawa bado halijafika kuwa uthibitisho.

Njia ya kuchunguza zaidi ipo, nayo haipiti katika kabati la kuvu. Inapita katika kabati la mimea. Azalea zilizochanua zilibonyezwa kwa wingi kabla ya 1931, na kuvu iliyokuwa imeanza kuota petalini ilibonyezwa pamoja na ua bila mkusanyaji kujua wala kuandika. Hakuna hifadhidata ya kuvu itakayokuonyesha sampuli kama hiyo, kwa sababu rekodi yake imeandikwa kwa jina la mmea. Njia hii imekwisha kuzaa matunda kwingine: mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamesoma vinasaba vya kiumbe kilicholeta baa la viazi la Ireland, Phytophthora infestans, kutoka kwenye majani yaliyohifadhiwa katika hebaria tangu miaka ya 1840 na baadaye, wakaonyesha ukoo uliohusika. Phytophthora si kuvu halisi, lakini mbinu ni ileile. Kwa azalea mtu angepitia kwanza karatasi zenye maua kwa kioo cha kukuzia, akitafuta madoa na vipande vyeusi, ndipo afikirie maabara.

SWALI: Ikiwa ni hivyo, je, naweza kuazima bahasha ya zamani ya Exobasidium na kukata kipande kwa ajili ya vinasaba?

JIBU: Unaweza kuomba, kukata bila kuomba ni kosa lisilosameheka kirahisi. Hebaria kubwa, kwa mfano ile ya kuvu ya Kew nchini Uingereza yenye sampuli zaidi ya milioni 1.25, au ile ya taifa ya Marekani iliyoko Beltsville, Maryland, yenye takriban milioni moja, zina utaratibu wa maombi ya kuchukua sehemu ya sampuli. Watakuuliza unataka kiasi gani, kwa nini usitumie sampuli mpya, na matokeo utayaweka wapi. Iwapo bahasha ni ile ambayo jina la spishi limefungwa kwayo, yaani sampuli ya msingi ambayo mwandishi wa jina aliitumia, tegemea kukataliwa, na ninadhani wana haki: nundu mbili kavu za Peck zikishasagwa, hapatakuwa na kitu cha kuamulia jina E. azaleae ni la nani.

Vaa glavu unapofungua bahasha za zamani. Sampuli nyingi za karne ya 19 na ya 20 zilitiwa sumu za wadudu zenye zebaki, na sumu hiyo haijaondoka. Mara nyingine huonekana kama madoa ya kijivu kwenye karatasi, na mara nyingine haionekani kabisa.

Ukipata matokeo, yashuku kwanza. Vinasaba vya sampuli ya miaka mia moja vimekatikakatika vipande vifupi, na nundu laini huvamiwa na ukungu wa kawaida kama Cladosporium hata kabla haijakauka, kiasi kwamba unachokisoma mashineni chaweza kuwa ni ukungu huo na si Exobasidium. Linganisha na sampuli mpya ya mmea uleule kutoka eneo lilelile. Unapochapisha mfuatano wa vinasaba, andika ndani ya rekodi yake alama ya hebaria na namba ya bahasha kama zilivyo kwenye lebo, herufi kwa herufi, na urudishe bahasha ikiwa na karatasi ndogo inayoeleza ulichokata, tarehe, na jina ulilofikia. Mtambuzi atakayekuja baada yako atakapoifungua, atakuta maoni ya Peck, ya aliyefuata kuandika E. vaccinii, na yako, yamepangwa moja kando ya jingine, naye ataongeza lake.